Hawanitukani wala hawanigombezi, wamenipotezea tu. Kwa nini inauma kuliko ugomvi?

LejaWazi aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nikiwaza peke yangu nazunguka pale pale.

Nafanya kazi idara ya hesabu. Tuko timu ndogo na tulikuwa tunaelewana sana. Mmoja akiumwa, wengine wanamfungia vitabu vyake bila kuombwa. Mwisho wa mwaka uliopita lilikuja zoezi la kuhesabu mali ya stoo. Karatasi za kuhesabia zikaletwa mezani zimeshajazwa, tarakimu zimenakiliwa kutoka kwenye mfumo, kilichobaki ni sahihi zetu. Mimi nikakataa. Nikasema nitasaini nilichokihesabu kwa macho yangu. Sikupiga kelele, sikumripoti mtu yeyote. Nilisema tu sahihi hiyo siwezi kuitoa.

Siku za mwanzo walinijia mmoja mmoja. Huyu ananivutia kiti pembeni, "usijifanye mgumu, kila mwaka tunafanya hivi." Yule ananisubiri mlangoni jioni ili tushuke ngazi pamoja, anipoze. Sijawahi kuzungumzishwa na watu kama wakati ule. Halafu kimya.

Nieleze hicho kimya, maana ndicho kinachonimaliza. Salamu wanaitikia, ila macho yako kwenye skrini. Nikiingia chumba cha mapumziko maongezi hayakatiki, yanashuka sauti, na baada ya muda mfupi kila mtu amekumbuka kazi yake. Kikao cha wiki kiliwahishwa kwa saa moja, sikuambiwa. Nilipofika walikuwa wanatoka. Barua pepe ambazo zamani nilikuwa napewa nakala, sasa sizioni. Kundi letu la simu limekufa, hakuna anayeandika. Nilidhani watu wamechoka tu, mpaka siku moja simu ya mwenzangu ikawaka juu ya meza na nikaona kundi lenye jina lile lile, limeongezewa namba 2 mwishoni, meseji zinamiminika. Na sasa nimepangiwa kupanga majalada ya zamani chumba cha kumbukumbu, peke yangu.

Mume wangu anasema haya ni mambo madogo. Nikiyataja moja moja, kweli ni madogo. Nikienda kwa mkubwa nitamwambia nini? Kwamba hawanitazami?

Sasa maswali yangu. Kwa nini inauma kiasi hiki wakati watu wenyewe, kwa walichokifanya, heshima yao imenishuka? Usingizi umepungua, nakosea hesabu nyepesi ambazo ningezifanya nimefumba macho. Na kwa nini naona afadhali wangenifokea? Je, mimi ndiye dhaifu?

---

MzeeWaZamu alijibu:

Binti, pole. Mimi nimestaafu, nimepita kwenye ofisi za kila aina. Ushauri wangu ni mfupi: puuza. Umeajiriwa kwa ajili ya kazi na mshahara, hukuajiriwa kupendwa. Ukiwaonyesha kwamba hujali watachoka wenyewe. Na kwa ile sahihi, hongera, ulifanya sawa.

---

Mwl_Darasani alijibu:

Dada Leja, pole sana. Nimefundisha saikolojia ya jamii kwa miaka mingi, na mada ya kutengwa ndiyo ninayoifundisha kwa moyo wangu wote, kwa sababu kila darasa lina mtu ambaye anaisikiliza kama anasomewa barua yake mwenyewe. Nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Nianze na swali lako la mwisho. Wewe si dhaifu. Na Mzee wangu hapo juu ana nia njema kabisa, ila neno "puuza" linachelewa kufika. Maumivu haya yanaingia kabla akili haijapata nafasi ya kuamua kama yanastahili kupuuzwa au la.

Mtu aliyetufundisha mengi juu ya jambo hili ni Kipling Williams, profesa wa saikolojia nchini Marekani. Mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa amekaa bustanini na mbwa wake, kisahani cha kurusha kikaangukia karibu naye. Akainuka, akawarudishia vijana wawili waliokuwa wakicheza. Wakamrushia tena, wakaendelea kurushiana wote watatu. Ghafla, bila neno, wale wawili wakaacha kumrushia. Hakuwajua, hakuwa amewaomba kucheza, na hata hivyo alishangazwa na jinsi alivyoumia na kuaibika. Akaichukua hali ile ile akaipeleka maabara.

Mwanzoni walitumia mpira halisi na watu halisi chumbani. Baadaye ukatengenezwa mchezo wa kompyuta uitwao Cyberball. Unakaa mbele ya skrini, unaambiwa unacheza na watu wengine wawili walioko kwingine. Mpira unakujia mara moja au mbili, kisha hao wawili wanarushiana wao kwa wao mpaka mchezo unakwisha. Kumbe wachezaji wenzio hawapo, ni programu tu. Utafiti wa mwanzo uliochapishwa mwaka 2000 ulikuwa na washiriki 1,486 kutoka nchi 62, waliocheza kupitia intaneti. Waliotengwa walijisikia vibaya waziwazi. Mwaka 2015 watafiti walizikusanya pamoja tafiti 120 za mchezo huu, zenye washiriki 11,869, na athari ilikuwa kubwa, hata idadi ya wachezaji au urefu wa mchezo ulipobadilishwa. Dakika chache za mpira usiokuwepo, na mtu anashuka moyo.

Sasa swali lako kuhusu watu usiowaheshimu tena. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2004 Lisa Zadro na wenzake waliwaambia washiriki ukweli mtupu: unacheza na kompyuta, hakuna mtu upande wa pili. Waliotengwa na kompyuta waliumia vilevile. Mwaka 2006 Ilja van Beest na Williams waligeuza mchezo ili kila mpira unaokujia ukugharimu pesa, yaani kutengwa kunakuletea faida. Watu bado waliumia walipoachwa nje. Mwaka 2007 washiriki waliambiwa kwamba wachezaji wenzao ni wafuasi wa Ku Klux Klan, lile kundi la kibaguzi la Marekani. Kutengwa na watu ambao mshiriki angeona haya hata kusalimiana nao kuliuma kama kutengwa na wengine. Kwa hiyo kushuka kwa heshima yako kwao hakukupi kinga. Hisia hii haiulizi kwanza ni nani aliyekufungia mlango.

Wengi mtakuwa mmesikia kwamba "ubongo hauwezi kutofautisha kutengwa na jeraha." Hilo linatokana na utafiti wa Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Williams uliochapishwa mwaka 2003. Watu 13 walicheza Cyberball wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na sehemu moja ya ndani, inayohusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili, ikachangamka walipoachwa. Ni utafiti mzuri, ila nawaomba msiupeleke mbali kuliko ulipofika. Watu 13 ni wachache, sehemu hiyo ya ubongo inafanya shughuli nyingi, na mwaka 2014 kundi jingine la watafiti lilionyesha kwamba ukiangalia kwa makini zaidi, mchoro wa maumivu ya mwili na mchoro wa kukataliwa unatofautiana hata ndani ya eneo lile lile. Hatuhitaji picha ya ubongo ili tumwamini dada huyu.

Kuhusu kutamani kufokewa. Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ndipo palipo kiini cha jambo lako. Williams anasema kutengwa kunagusa mahitaji manne kwa pamoja: kuwa sehemu ya wengine, kujithamini, kuwa na usemi juu ya yanayokupata, na kuhisi kwamba uwepo wako una maana. Mtu akikufokea anaweza kukujeruhi mawili ya kwanza. Lakini anayekufokea bado anakutazama. Unaweza kumjibu, kumkatalia, kuomba radhi, kwenda kumshtaki. Una la kufanya. Anayekupotezea amekunyang'anya hayo mawili ya mwisho pia, maana hakuna hoja ya kuijibu na hakuna anayekiri kwamba kuna ugomvi. Ndiyo maana ukiyataja moja moja yanakuwa madogo. Kila kitendo kina maelezo yake: alikuwa na haraka, alisahau kukuweka kwenye nakala, kikao kilisogezwa ghafla. Jeraha limo kwenye jumla, na jumla hiyo ni wewe peke yako unayeiona.

Profesa Sandra Robinson wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2015 wakilinganisha kutengwa kazini na kusumbuliwa waziwazi. Wafanyakazi waliona kutengwa ni jambo jepesi zaidi, lisilo na madhara sana kisaikolojia, na ambalo ofisi haiwezi kulikataza kwa urahisi. Lakini walipopima madhara yenyewe, kutengwa ndiko kulikofungamana zaidi na kupungua kwa hisia ya kuwa sehemu ya kazi, afya kuwa mbaya na watu kuacha kazi miaka michache baadaye. Mume wako hana kosa kusema ni madogo. Anasema wanachosema karibu watu wote ambao hawajaketi kwenye kiti chako.

Nimalizie na hadithi yako yenyewe, kwa sababu nilipoisoma nilikumbuka utafiti wa mwaka 1951. Stanley Schachter aliunda vilabu vya wanafunzi wa chuo, akawapa kisa cha kijana mhalifu aliyeitwa Johnny Rocco wajadili atendewe vipi, kwa upole au kwa adhabu. Ndani ya kila kilabu alipanda watu wake watatu. Mmoja alikubaliana na wengi. Wa pili alianza kwa kupinga, kisha akashawishika. Wa tatu alipinga tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno ya kikundi yalielekezwa kwa huyu wa tatu kwa wingi, wakimvuta arudi. Kisha wale waliomkataa, hasa kwenye vilabu vilivyoshikamana na vilivyoijali mada, wakapunguza kumsemesha. Ulipofika wakati wa kugawana kamati, huyo mpinzani alitupwa kwenye kamati ya kuandika barua, ambayo hakuna aliyeitaka.

Siku za kuvutiwa kiti pembeni, kisha kimya, kisha chumba cha majalada. Ni mpangilio ule ule. Yule wa pili katika kila kilabu, aliyepinga kisha akakubali, walimpenda karibu sawa na aliyekubaliana nao tangu mwanzo. Kundi lako lilikuwa linasubiri uwe huyo wa pili.

---

Nyayo_Msituni alijibu:

Mwalimu umenifungua. Niongezee kitu kimoja kwa anayedhani haya ni mambo ya ofisi na simu za siku hizi.

Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, Kigoma, ambao Jane Goodall alikuwa akiwafuatilia. Dume mmoja mzee aliyemwita McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajivuta kwa mikono. Goodall anasimulia kwamba siku moja McGregor alijikokota mpaka akapanda juu ya mti walipokuwa madume wawili wakichambuana manyoya, akaguna kwa furaha na kuwanyooshea mkono kuwasalimu. Wale wawili wakahama, wakaenda upande wa pili wa mti na kuendelea kuchambuana bila kugeuka nyuma. Goodall aliona uchungu sana kuyatazama hayo.

Lakini kulikuwa na dume mwingine aliyeitwa Humphrey, ambaye hakumkimbia kama wengine. Alikaa jirani naye hadi siku zake za mwisho. Huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi kwenye kisa chote.

---

Msimamizi_B alijibu:

Naheshimu mlichoandika, ila niseme upande ambao hakuna anayeusema. Mimi nasimamia watu. Kuna aina ya mtu ambaye kundi likimpa mgongo, kundi linapona. Anakula jasho la wenzake, anafika amechelewa kila zamu, anapeleka maneno ya uongo. Ukimvumilia, wale wazuri wanaondoka. Sisemi dada Leja ni mtu wa hivyo. Nasema tusifanye kana kwamba kila kutengwa ni uonevu. Makundi yamekuwepo muda mrefu kuliko mameneja, na hii ndiyo silaha yao.

---

Mwl_Darasani alijibu:

Msimamizi, hoja yako ina ushahidi na sitaikwepa. Mwaka 2014 Matthew Feinberg, Robb Willer na Michael Schultz walichapisha utafiti ambamo watu walicheza michezo ya kuchangia mfuko wa pamoja, wakibadilishana makundi. Walipoweza kupashana habari kuhusu wabinafsi na kuwaondoa kwenye raundi inayofuata, uchangiaji uliongezeka, na waliotengwa waliporudi wengi walijirekebisha. Kwa hiyo ndiyo, ni silaha na inafanya kazi.

Shida ni kwamba haichagui shabaha. Eric Wesselmann na wenzake, mwaka 2013, waliweka kwenye Cyberball mchezaji mmoja aliyekuwa anachelewa kurusha mpira. Hana uovu wowote, mzito tu. Washiriki wakaanza kumnyima mpira. Ndiyo tabia ya kundi: linamwondoa anayelichelewesha. Mwizi wa stoo analichelewesha, na anayesisitiza stoo ihesabiwe kweli naye analichelewesha. Kwa macho ya kundi lenye haraka ya kufunga mwaka, hao wawili wanafanana kabisa.

Na kuna tofauti nyingine inayonigusa sana. Waathene wa kale walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mtu mjini kwa kura. Walikwangua jina lake kwenye kigae cha chungu, zikahitajika kura zisizopungua 6,000, na aliyepatikana aliondoka kwa miaka 10. Hakunyang'anywa mali wala uraia, na muda ukiisha anarudi. Hata utaratibu huo ulichezewa: karibu na kilima cha Acropolis mjini humo kilipatikana kisima chenye vigae kama 190 vilivyoandikwa jina la mwanasiasa wao Themistocles, na mwandiko ni wa watu wachache tu, maana yake kuna waliokaa wakaandika vigae vya kuwagawia wengine. Ila angalau kulikuwa na siku ya kura, muda uliojulikana, na mtu alijua kwamba amefukuzwa. Dada Leja hana hata kimoja. Hajaambiwa kosa, hajui litaisha lini, na akiuliza ataambiwa hakuna kitu.

Wewe ni msimamizi. Kama kuna mtu kwenye timu yako anastahili kuondolewa, una mamlaka ya kumwita, kumweleza na kumsikiliza. Ukiliachia kundi likufanyie kazi hiyo kwa kimya, hutajua siku litakapomwondoa mtu uliyekuwa unamhitaji kuliko wote.

---

Msimamizi_B alijibu:

Nimeelewa. Hapo kwenye haraka ya kufunga mwaka umenigusa, maana karatasi zilizojazwa tayari nazijua. Dada Leja, kwa upande wa msimamizi nikuambie hivi: usiende kwa mkubwa na neno "wananitenga". Nikilisikia mimi, nitafikiri ni ugomvi wa marafiki na nitakuomba uwe mvumilivu. Nenda na kazi. Kikao hiki sikuarifiwa, taarifa hii sikupata, matokeo yake ripoti ikachelewa au nikafanya kazi kwa tarakimu za zamani. Hapo mimi kama mkubwa siwezi kukaa kimya, kwa sababu hilo ni langu.

---

LejaWazi aliandika:

Nimesoma yote mara mbili. Mwalimu, ulipoandika "jumla hiyo ni wewe peke yako unayeiona" niliweka simu chini nikalia, kisha nikaendelea kusoma. Asanteni.

Nina mambo mawili bado. La kwanza: kuna mwenzetu mmoja, kijana wa ankara, ambaye bado ananitazama usoni. Haongei sana wengine wakiwepo, lakini tukikutana kwenye ngazi anasimama. Sijui kama nimwamini au nimwache asije akaunguzwa kwa ajili yangu.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Zoezi la kuhesabu stoo linakuja tena nusu mwaka. Nimejikuta nawaza: nikisaini safari hii, yataisha. Nawaza hivyo nikiwa najua kabisa sikubaliani.

---

Mwl_Darasani alijibu:

Niliogopa utauliza hilo la pili, na nashukuru umeliuliza hapa kabla ya siku yenyewe. Ule utafiti wa mwaka 2000 ulikuwa na sehemu ya pili. Baada ya mchezo, washiriki waliwekwa na kundi jipya kabisa na kuulizwa maswali ya kutazama maumbo, huku wenzao wakitoa jibu lisilo sahihi kwa sauti moja. Waliotoka kutengwa walikubaliana na jibu hilo kuliko wale ambao hawakutengwa. Kundi jipya, watu wasiowajua! Kutengwa kunamfanya mtu atafute mlango wowote ulio wazi. Wazo linalokujia usiku, kwamba usaini tu, linatoka kwenye jeraha. Halijatoka kwenye uamuzi wako kuhusu stoo, maana huo uliufanya ukiwa mzima na sababu zake hazijabadilika.

Kwa hiyo usisubiri siku ya karatasi. Amua sasa, ukiwa na nafasi, na umwandikie mkubwa mapema jinsi unavyopendekeza zoezi lifanyike: watu wawili wawili, wanahesabu bila kuonyeshwa tarakimu za mfumo, wanasaini walichohesabu. Ni utaratibu wa kawaida wa fani yako, wewe unaujua kuliko mimi. Ukiutoa mapema unakuwa pendekezo la kazi. Ukiusema siku yenyewe mbele ya wote, utaonekana kama ugomvi umerudi.

Kijana wa ankara: usimwache. Solomon Asch, aliyefanya yale majaribio maarufu ya kulinganisha urefu wa mistari miaka ya 1950, aliona kwamba mtu akiwa peke yake dhidi ya kundi linalosema uongo dhahiri, alifuata kundi katika takriban theluthi ya majibu. Alipopewa mwenzi mmoja tu anayesema kweli, kule kufuata kulishuka sana. Mmoja tu. Hahitaji kukutetea mbele ya watu. Mwombe kitu kidogo na cha wazi, kwa mfano akupe nakala ya kila mwaliko wa kikao unaompitia. Na usimhurumie kana kwamba wewe ndiye mzigo kwake. Mwaka 2013 Nicole Legate na wenzake waliwapima watu walioagizwa kumnyima mwenzao mpira, na waliotii nao walishuka moyo, wakaona aibu na kuhisi hawana uhuru. Inawezekana kabisa kusimama na wewe pale kwenye ngazi ndiyo nafasi pekee anayojisikia mtu huru ofisini humo. Ni dhana yangu, simjui, lakini ningembishia hodi.

Usiku je? Tafiti za Wesselmann zimeonyesha kwamba waliokaa wakiyarudia rudia yaliyowapata walichelewa kupona kuliko waliopewa kitu kingine cha kushughulisha akili. Kwa hiyo kusoma lile kundi namba 2 kwa jicho la pembeni, kuhesabu nani hakuitikia, kupanga usiku maneno ambayo ungewaambia, hayo yote yanairefusha siku yao ndani ya kichwa chako. Na usibaki na kundi moja maishani. Kama kuna mahali zamani ulikuwa unaenda ukaacha kwa sababu ya kazi, kwaya, mazoezi, jirani, rudi huko wiki hii. Sisemi ili usahau ofisi. Williams anaonya kwamba kutengwa kukiwa kwa muda mrefu bila njia nyingine, mtu hufika hatua ya kukata tamaa: anajitenga mwenyewe, anajiona hafai, hata anaacha kuwasalimu wale ambao wangemwitikia. Ukiwa na watu wanaokurushia mpira mahali pengine, safari ya kufika huko inakuwa ndefu sana.

Kama usingizi hautarudi, muone daktari au mshauri nasaha. Hilo nalo usilipuuze.

---

MzeeWaZamu alijibu:

Mwalimu, nimejifunza. Nilisema puuza kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa na mimi, enzi zangu. Binti, kuna mtu mmoja ofisini kwetu tulikuwa tunakaa naye meza ya mwisho, mimi na yeye, miaka mingi. Nadhani bila yeye ningeacha kazi mapema. Mshike huyo kijana wa ankara.

---

LejaWazi aliandika:

Nimeongea naye leo asubuhi. Amesema amekuwa akitaka kuniambia muda mrefu, hakujua aanzie wapi. Mialiko ya vikao atanitumia. Kuhusu kundi la simu alitaka aniingize, nimemwambia hapana, asigombane nao kwa hilo. Ninachohitaji ni taarifa za kazi.

Nimeanza pia kufanya alivyosema Msimamizi. Nimefungua karatasi, nimeandika tarehe ya kikao nilichokosa, ripoti zilizonipita na kazi iliyoathirika kila mara. Ajabu ni kwamba zilipokuwa zimepangwa pamoja, mume wangu alisoma mpaka chini, akaniuliza, "Kumbe ni hivi?"

Sasa naandika ile barua ya pendekezo la kuhesabu stoo. Nimekwama sehemu moja: sijui kama yale ya kunyimwa taarifa niyaweke kwenye barua hiyo hiyo au niyapeleke peke yake. Naogopa yakikaa pamoja pendekezo litasomeka kama lalamiko. Msimamizi_B, au yeyote aliyewahi kupokea barua za namna hii mezani kwake, naomba mwongozo. Nataka kuituma kabla ya kikao kijacho.

---

Msimamizi_B alijibu:

Zitenganishe. Tuma ya stoo kwanza, ukurasa mmoja, isimtaje mtu. Ya taarifa ipeleke baada ya wiki, ana kwa ana, ukiwa na ile karatasi yako mkononi, na umwombe kitu kimoja tu kinachoweza kukaguliwa: jina lako lirudishwe kwenye nakala za barua pepe za timu na kwenye mialiko ya vikao. Hilo mkubwa wako anaweza kulifanya siku hiyo hiyo. Na ukitaka niipitie kabla hujaituma, ifute majina uniandikie.